Zamu ya Jiwe Kusema

Ukuta uliopo kati ya ua wangu na ua wa akina Timandro ni wa udongo mtupu, na kila kinachosemwa upande ule kinafika upande huu. Jirani mwenye adabu angeziba masikio. Mimi sikuziba, na sioni haya kusema hivyo. Watu wa hapa Afidna watakuambia Timandro alikuwa fundi wa maneno, mtu aliyeweza kusimama mbele ya mahakama akawaliza wazee wenye ndevu. Waache waseme. Wao walimsikia akishasimama, mimi nilimsikia akijiandaa.

Utotoni alikuwa na kigugumizi kibaya. Akitaka maji, kiu ingeweza kumuua kabla hajamaliza neno. Kaka yake, Leokri, alikuwa mnene wa sauti na mwepesi wa mzaha. Nilikuwa namsikia wakati wa kula: "Haya, bwana nusu-neno, chumvi hiyo italetwa leo au tungoje mavuno?" Nyumba nzima ilicheka, na Timandro mwenyewe alicheka, maana mtoto mwingine yeyote wa kijiji aliyethubutu kumcheka alirudi kwao na pua inayovuja damu, na aliyempasua ni Leokri huyo huyo.

Kisha wakanyang'anywa mizeituni ya kilimani. Babu yao ndiye aliyeipanda, kila mtu alijua. Lakini jirani wa ng'ambo ya kijito alidai ni yake, akaenda mjini Athene na hotuba aliyoandikiwa na mtu wa kazi hiyo. Baba wa wavulana akasimama akasema ukweli kama alivyoujua, kwa maneno machache, tena ya kukwaruza, akakaa chini wakati yale maji yanayodondoka kupimia zamu ya kila msemaji hayajafika hata nusu. Wazee walipiga kura, mizeituni ikaenda. Baba alirudi akalala akiuelekea ukuta, na majira ya kuchipua hayakumkuta.

Mama yao, Hedista, alikuwa shoga yangu tangu tulipoolewa hapa katika wiki ileile. Siku ya kumaliza matanga aliketi nami kizingitini, hata kulia halii.

"Ukweli tulikuwa nao, Mirtale," alisema. "Umetufaa nini?"

"Shoga, usiseme hivyo."

"Nasema. Ukweli ulikaa mdomoni mwa mume wangu kama jongoo. Timandro atakwenda mjini kujifunza kusema."

"Timandro? Yule hata jina lake linamshinda!"

"Leokri ana shamba. Mwenye nafasi ni Timandro." Akauza bangili zake, akampeleka kwa mwalimu mmoja mgeni, mtu wa kisiwa cha Thaso, aliyekuwa akiwafundisha vijana pale sokoni.

Aliporudi nilidhani wana wageni. Nilikuwa nakanda unga wa shayiri, nikasikia wanaume wawili wakibishana uani kwao. Mmoja alimshtaki mwenzake kwa kuiba ng'ombe, sauti imejaa uchungu. Mwingine akajibu kwa upole, kwa hoja safi, nikajikuta namwonea huruma yule aliyesingiziwa. Nikapanda juu ya kinu nichungulie. Alikuwa Timandro peke yake, amesimama mbele ya chungu chenye tundu kinachodondosha maji. Kigugumizi hakipo. Asubuhi anasema upande huu, akishakula anasema upande wa pili, ndivyo alivyofundishwa. Tangu siku ile mdondoko wa yale maji ukawa sauti ya nyumba ile.

Sitamnyima haki yake. Alikwenda mjini akairudisha mizeituni ya babu yake kwa hotuba moja. Hedista alitembea kijiji kizima akiwa ameinua kidevu. Wajane waliodhulumiwa walikuja kumwomba awasemee, na wengine wakapata chao. Ukiniuliza kama ufundi ule ni kitu kibaya, nitakuambia waulize wajane.

Lakini palikuwa na jambo. Nilimuuliza siku moja kovu la kidevuni alilipataje, ingawa nilikuwepo alipoanguka kisimani. Akanieleza vizuri sana, kwamba aliumwa na mbwa. Juma lililofuata akamweleza mume wangu, Simo, kwamba alikatwa na mundu. Hakuwa anadanganya kama watu wanavyodanganya, kwa kukwepesha macho. Alikuwa akiiona habari wakati anaisema. Leokri ilimkera kupita sisi sote.

"Jibini nani kamaliza?" nilimsikia akifoka.

"Tukianza na swali la nani alikuwa na sababu ya kulimaliza—"

"Timandro! Ndiyo au hapana! Zamani ulikuwa unachukua nusu siku kusema ndiyo, lakini ilikuwa ndiyo!"

Msimu wa kukamua mafuta uliwakuta hawaelewani. Leokri alitaka kuoa na kugawana nyumba, kila mtu na mlango wake. Timandro hakutaka. Walifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kukamulia, lakini nilisikia magogo na kamba tu, sauti zao sikuzisikia. Kule ndani palikuwa na boriti ndefu, na kwenye ncha yake lilining'inia jiwe ambalo baba yao alilichonga. Mmoja hukaa juu kulishusha na kulipandisha kwa kamba, mwingine hupiga magoti chini kupanga vikapu vya zeituni.

Asubuhi moja nikasikia kishindo, halafu kimya. Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichonitoa mbio. Nilifika mlangoni kwao pamoja na Hedista. Timandro alikuwa ametoka nje, mikono ameiweka mbele kana kwamba si yake.

"Leokri yuko wapi?" mama yake aliuliza. "Kumetokea nini?"

"Ka-ka-ka..." alisema Timandro. Kigugumizi kilikuwa kimerudi chote, kile cha utotoni. Shingo ilimvimba, macho yakamtoka. "Ka-kamba, ma-mama, ni... ni..."

Hakumaliza. Watu waliingia uani, wakamsukuma, wakamtoa Leokri akiwa hana kichwa cha kutazamwa. Kufikia alasiri Timandro alikuwa ameketi kati ya wanaume, anaeleza kwa sentensi zilizonyooka jinsi jiwe lilivyoanguka lenyewe. Hedista aliniambia baadaye kwamba alitamani kuwafukuza wale watu wote, amrudishe mwanawe kwenye lile neno lililokatika. Lakini hakuna mama anayefukuza watu msibani.

Sheria yetu haiachi damu ikauke bila mshtakiwa. Mkono wa mtu usipojulikana, kilichoua ndicho kinachopelekwa mahakamani, kiwe shoka, kigae au jiwe, na ndugu wa karibu ndiye anayekishtaki. Baba hayupo. Ndugu wa karibu ni Timandro.

Aliiandaa hotuba ile akiwa amenyoa nywele za matanga. Nami nikaisikia yote, mara nyingi kuliko nilivyotaka. "Wewe jiwe," alianza, "uliyelishwa kivuli cha nyumba yetu..." Alisema jinsi Leokri alivyoimba akipanga vikapu. Alisema jinsi alivyoinua uso na kutabasamu. Alipofika penye tabasamu sauti ilipasuka, akalia. Nikalia na mimi upande huu, unga wangu ukalowa. Kesho yake akarudia, sauti ikapasuka palepale. Siku iliyofuata, palepale, na kilio kikachukua urefu uleule wa maji. Hapo unga wangu ukabaki mkavu. Nilianza kuogopa. Leokri hakuwa na desturi ya kuimba.

Simo alikwenda mjini kusikiliza. Alirudi amevimba macho. "Mirtale, ungesikia! Hata mimi nililichukia lile jiwe. Mtu mmoja alilitemea mate."

"Na jiwe lilisema nini?"

"Umerogwa? Jiwe linasema?"

Likahukumiwa, likapakiwa kwenye mkokoteni, likatupwa nje ya mpaka wetu, upande wa Oropo, ili unajisi wa damu uende nalo. Haukwenda. Mafuta ya mwaka ule yalikuwa na ladha ya chuma, nyumba zote mbili, yao na yetu, tuliyamwaga. Nyuki wa Hedista walihama mzinga. Mbwa wao akawa hapiti mbele ya chumba cha kukamulia, anazunguka nje ya ua mzima ili afike mlango wa pili.

Hedista alimuuliza mwanawe. Alimuuliza kwa upole, kwa hasira, akiwa anamkata kucha kama mtoto. "Niambie tu ilikuwaje." Na kila mara nilimsikia Timandro akivuta pumzi ileile, kisha: kivuli cha nyumba yetu, vikapu, wimbo, tabasamu. Hakuwa akimkejeli mama yake. Alikuwa akimpa kila alichokuwa nacho. Nilichungulia mara moja nikaona kitu kilichonifanya nishuke haraka: Timandro alikuwa akisema, na midomo ya Hedista ilikuwa ikienda pamoja naye, neno kwa neno, bila sauti.

Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, rangi imemtoka.

"Leokri ananijia usingizini," alisema.

"Wafu huja, shoga. Mmwagie asali kaburini."

"Sikia kwanza. Anakuja, anakaa kitandani pangu, nami namuuliza ilikuwaje. Anafungua mdomo." Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Anasema hotuba ya Timandro. Sauti ni ya Leokri, Mirtale, maneno ni ya mdogo wake. Mpaka tabasamu. Akifika kwenye tabasamu analia. Mwanangu sasa simkumbuki mwingine ila yule aliyekuwa akiimba, na hakuimba! Hakuimba hata siku moja!"

Nilivisugua vile vidole vipate joto.

"Nipe punda wako," alisema.

"Wa kwenda wapi?"

"Kumchukua shahidi."

Nilimwambia ni wazimu. Kurudisha ndani kitu kilichotupwa kwa damu ni kukirudisha na damu yake. Wakitukamata tutashtakiwa sisi, na nani atatusemea, Timandro? Alicheka kicheko kidogo cha ajabu. Kisha nikaenda kumfunga punda matandiko, maana angekwenda hata kwa miguu.

Tulifika mpakani jua likiwa utosini, ile saa ambayo wachungaji hunyamaza na hawapigi filimbi. Nilikuwa nimesikia habari za mahali pale, sikuwahi kupaona. Ni bonde dogo lenye nyasi ndefu, na kwenye nyasi vimelala vyote vilivyohukumiwa tangu enzi za mababu. Mashoka yaliyoliwa na kutu. Gurudumu. Vigae vya paa. Boriti. Sanamu ya shaba ya mwanariadha, kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwetu. Panzi hawakulia. Mbuzi wa upande wa pili walikula nyasi mpaka ukingoni, wakaishia pale kama pamechorwa mstari.

"Vyote hivi vilisemewa na watu," Hedista alinong'ona. "Na vyenyewe havikusema."

Nami, naapa kwa Demetra na bintiye, nilihisi kwamba vinatusikiliza. Vimelala kwa namna mtu anavyolala akingoja jina lake liitwe.

Jiwe lilikuwa karibu na sanamu. Hedista alilijua kwa mkono, alipapasa mfereji ambao kamba ilikuwa imeula kwa miaka. Halikuwa kubwa kama lilivyokuwa kwenye hotuba. Tulilibingirisha juu ya ubao, tukalivuta mgongoni mwa punda, na punda akatetemeka ngozi nzima, lakini akaenda. Njia nzima Hedista aliliwekea mkono juu.

"Tukikutana na mtu tutasema nini?" niliuliza.

"Sema ni jibini."

"Jibini la ukubwa huu!"

"Timandro angewaaminisha," alisema, na tukacheka tukashikana mbavu, wanawake wawili wazima na jiwe lenye damu. Kilikuwa kicheko cha mwisho nilichokisikia kutoka kwake.

Hatukukutana na mtu. Tuliliteremsha uani kwake, akalifunika kwa nguo, akaleta kile chungu chenye tundu akakijaza maji, tundu akaliziba kwa nta. Kisha akanizuia nisiondoke. Timandro alirudi kutoka mizeituni jua lingali juu. Aliona chungu, akaona nguo, akaniona mimi.

"Shikamoo, mama Mirtale. Kuna nini?"

Hedista aliivuta nguo.

Sijawahi kuona mtu akirudi nyuma vile bila kusogeza miguu. "Mama, hilo ni najisi. Sheria inasema—"

"Sheria inasema kila mshtakiwa anapewa maji yake. Hili ulilishtaki, watu wakalia, likatupwa. Zamu yake halikupata." Alisema bila kupandisha sauti. "Mwalimu wako alikufundisha pande zote mbili. Bangili zangu zililipia pande zote mbili. Lisemee."

"Mama, tafadhali."

"Lisemee, mwanangu. Kama ulivyomsemea ndugu yako." Akabandua nta. Maji yakaanza kudondoka.

Alitupa jicho mlangoni, nikafikiri atatoka. Lakini mazoea ni mazoea. Nilimwona akisikiliza maji, mabega yakashuka, pumzi ikaingia. Akafunga macho. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kupitia ukuta. Ilikuwa nzito, ya polepole, ya kitu ambacho hakina haraka.

"Wazee, mimi ni jiwe. Sina mama wala ndugu wa kugombana naye. Nilichongwa na baba wa nyumba hii, nikaning'inia pale pale aliponiweka, na kila mwaka niliwapa mafuta. Mnasema nilianguka. Ndiyo, nilianguka. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua. Lakini jiwe halifungui fundo. Hamkuiuliza kamba. Ilikuwa mpya, Leokri aliisuka mwenyewe. Haikukatika, itazameni. Mmoja alikuwa chini amepiga magoti, hakuimba. Mmoja alikuwa juu, na mimi nilikuwa mikononi mwake. Yule wa chini alisema neno. Lilikuwa neno dogo, la mzaha, la zamani. Nusu-neno. Aliinua uso aone kama mdogo wake atacheka. Nami niliyekuwa kwenye ile kamba niliuhisi mkono..."

Mbwa alikuwa amesimama mlangoni, anatazama jiwe, si Timandro. Nami pia nilikuwa nalitazama jiwe. Nisamehewe, lakini kwa wakati ule sikuona kwamba mtu anasema.

"...niliuhisi mkono ukiniacha."

Tone la mwisho likaanguka. Hedista alikuwa amemsogelea, uso wake karibu kabisa na uso wa mwanawe.

"Uliteleza," aliuliza, "au uliachia?"

Timandro akafumbua macho. Akavuta pumzi, ile ninayoijua. "Mama, yapo ya kusemwa kwa upande wa—"

"Maji yamekwisha."

Alifungua mdomo. Shingo ikavimba. Nikaona midomo ikigonga hewa kama ya yule mtoto aliyekuwa akiomba chumvi, na jasho likamtiririka kwenye kovu la kidevuni.

"Si-si-si..."

"Sema, baba. Nangoja. Hata kama ni mpaka kesho."

"Si-sijui." Akaanza kulia, na hakikuwa kile kilio chenye kipimo. "Ni-nikienda mle ndani kutazama, ma-mama, na-nakuta maneno yangu. Ya ko-kortini. Sasa na haya. Yo-yote mawili nayaona. Na-naona akitabasamu, na-naona akinicheka. Mkono wangu si-siuoni. Si-sijui tena."

Hedista alimfuta jasho kidevuni. Alimwamini, hilo niliona wazi, na lilikuwa neno la kwanza kumwamini tangu kifo kile. Ndilo lililomvunja. Angekuwa anaficha, siku moja angesema. Lakini mtu pekee aliyekuwepo, Timandro wa asubuhi ile, alikuwa amekwisha kutoka mle chumbani, na hakuacha mtu wa kuulizwa. Aliichukua ile nguo, akalifunika jiwe polepole, akiingiza pindo chini pande zote kama unavyomfunika mtoto asipatwe na baridi.

Kesho yake alfajiri tulilirudisha mpakani. Timandro alitembea nyuma ya punda, kichwa chini. Hedista hakumaliza mwaka. Hakuuliza tena. Aliniambia tu kwamba Leokri bado anakuja, anakaa kitandani, na sasa akifungua mdomo hakitoki kitu.

Timandro yupo bado, hapo upande wa pili. Wajane wameacha kuja. Wanaomsalimia anawaitikia kwa kichwa. Lakini kila siku, baada ya kula, namsikia akijaza chungu na kubandua nta, nami huacha kukanda nikangoja. Zamani nilikuwa nagonga ukuta, namwita, "Timandro! Sema basi, hata neno moja!" Siku hizi sigongi. Maji yanadondoka mpaka yanakwisha, kisha namsikia akijaza tena, zamu ya upande wa pili.